Gari ya Mkwe

"Ufunguo umeingia, baba. Umeingia wote, mpaka hapa." Mudrik alikuwa kaushika ufunguo wa mlango wa nyumba, kidole gumba kimebana karibu na kichwa chake. "Ile ni chasisi. Ndo mgongo wa gari ule. Ufunguo wa mlango unaingiaje kwenye chuma?"

"Teremsha sauti."

"Siteremshi. Nataka Jang'ombe nzima isikie kama sisi tunanunua gari iliyooza kwa kuona muhali."

"Mudrik, nshakwambia teremsha sauti," alisema Mzee Ubwa, na sauti yake mwenyewe ilikuwa ishavuka ukuta zamani. "Na nani alokutuma ukaingie chini ya gari ya Mzee Haroub? Mwanawe anamuoa dada yako, halafu weye unakwenda kumlalia uvunguni kama fundi."

"Sikulala. Niliangusha simu makusudi, nkainama kuiokota."

"Makusudi." Mzee alimgeukia mkewe. "Umemskia mwanao? Makusudi. Na kama kuna mtu kamwona? Itasemwa Ubwa kamtuma mtoto ampekue mkwe."

Bi Kidawa alikuwa kakaa juu ya mkeka, anapepeta mchele. Hakunyanyua uso. "Mie nauliza jambo moja tu. Gari ataiendesha nani? Si huyu? Basi mwache aseme."

"Keshasema. Mtaa mzima umemskia."

"Mtaa haupandi gari," alisema Mudrik.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mudrik kamaliza skuli, kazi hana, kazunguka mpaka soli za viatu zimekuwa karatasi. Mwisho akapata mlango mmoja. Hoteli fulani ya Nungwi inatafuta dereva wa kuchukua wageni uwanja wa ndege na kuwazungusha, lakini dereva aje na gari yake. Bibi mmoja anaitwa Nadra, ndo msimamizi wa wageni pale, alimwambia waziwazi. "Sitaki gari mpya, najua huna. Nataka gari isiyomwacha mgeni njiani. Na mgeni akiiona afurahi. Watu wanakuja kucheza hawa, hawaji mazishini. Jumatatu niletee niitazame. Ukikosa, nampa mwengine."

Nyumba nzima ikajikamua. Mzee Ubwa akatoa kilichobaki katika kiinua mgongo chake. Bi Kidawa akaomba apewe mbele zamu yake ya mchezo wa kuchangiana hela. Sumaiya, dada yake Mudrik, akauza bangili. Hela ikatosha gari moja ya mkononi, na gari moja tu. Hakuna ya kukosea.

Halafu ikaja siku ya posa ya Sumaiya. Sebule imejaa wazee, Mudrik anapita na sinia la juisi, na Mzee Haroub, baba yake bwana harusi, kasikia kama hawa wanatafuta gari. Akasema mbele ya watu wote, "Mnahangaikia nini na mie nipo? Ile RAV4 yangu naitoa. Nawapa wakwe zangu kwa bei ya nyumbani." Mzee Ubwa, bila ya kuuliza hata rangi yake, akajibu, "Tumepokea." Wazee wakasema mashaallah. Sinia nusura limponyoke Mudrik.

Kosa lenyewe ndo hilo, neno moja. Mtu akishasema tumepokea mbele ya posa, hapeleki fundi. Kupeleka fundi ni kumwambia mkwe wako hatukuamini. Hata kufungua boneti ni tusi.

*

Kesho yake Mudrik alimchukua mama yake mpaka Amani, kwa kijana mmoja anaitwa Ayoub, anauza magari uwanjani kwa shangazi yake. Gari aloitaka Mudrik ilikuwa pale. Suzuki Escudo fupi, milango miwili, nyuma turubai la kufungua, rangi ya kijani imefifia kidogo kwenye boneti. Ya zamani, lakini imekaa kama mbuzi dume.

"Shikamoo mama," alisema Ayoub. "Karibu uione gari ya mwanao."

"Marahaba. Bado si yake."

"Itakuwa. Mudrik, lala chini utazame kwanza." Akamtupia kipande cha boksi cha kulalia na tochi. "Lala bwana, usione haya. Gari unanunua, huoi."

Mudrik alicheka, lakini kicheko hakikumaliza njia. Akaingia chini. Akagonga huku, akagonga kule, chuma kikamjibu kama chuma. Kutu ilikuwepo, ya juujuu, ya gari ilozeeka kistaarabu. Ayoub hakuficha kitu. Akasema shokapu moja ya nyuma imechoka, akasema taa ya breki inawaka ikitaka, akaitaja na bei, na bei yake na ya Mzee Haroub zilikuwa zinalingana.

"Bei ya nyumbani hiyo," alinong'ona Mudrik kwa mama yake. "Umeiona?"

"Nimeiona. Nyamaza."

Wakaijaribu. Ayoub nyuma, Bi Kidawa mbele, Mudrik kwenye usukani. Walitoka mjini, wakashika njia ya Kizimbani, na walipofika pale miti inapoanza kufunika barabara Ayoub akalifungua turubai. Upepo ukaingia wote kwa pamoja. Buibui la Bi Kidawa likajaa kama tanga, mtandio ukataka kwenda zake, akaukamata kwa mikono miwili na akaanza kucheka. Si kicheko cha kujibu mtu. Kicheko chake mwenyewe, cha tumboni, Mudrik hakukumbuka kukiskia kabla. Karafuu zilikuwa zimeanikwa kando ya njia na harufu yake ikawapita usoni.

"Hebu tia mwendo kidogo," alisema mama.

"Mama, wewe huyu?"

"Tia, nshasema. Wazungu wanalipa kwa hili?"

"Wanalipa."

"Wana haki yao."

Gari ilipanda kilima haikukohoa. Ilikata kona ikakaa. Mudrik aliiskia mikononi, ile namna ya gari inayokufuata unachotaka, na akajiona keshafika uwanja wa ndege, kashika kibao cha jina la mgeni, miwani usoni. Akamwona Nadra anaizunguka gari, anaitikia kwa kichwa, anasema hii sawa.

Waliporudi Ayoub alimvuta pembeni. "Skiza. Kuna mtu wa Pemba anaitaka. Anashuka Ijumaa na hela mkononi. Mie moyo wangu uko kwako, lakini shangazi yangu moyo wake uko kwenye hela. Ukiwahi wewe, yako."

Bi Kidawa alikuwa bado anajifunga mtandio. "Hii ndo gari," alisema. "Ntazungumza na baba yako."

*

Alizungumza naye. Mudrik aliwaskia chumbani, sauti ya mama inapanda, ya baba inashuka. Mzee Ubwa alipotoka alikuwa kavaa kanzu na koti.

"Twende kwa Mzee Haroub," alisema bila ya kumtazama. "Ntamwambia mwenyewe. Ntamwambia kwa uzuri. Mtu mzima ataelewa."

Mudrik karibu ambusu. Njia nzima mzee alikuwa anayapanga maneno kwa sauti ndogo. Ntamwambia kijana kapata nyengine. Hapana, ntamwambia hoteli wanataka ya turubai. Hilo zuri, wanataka ya turubai, si kosa la mtu.

"Hilo zuri, baba," alisema Mudrik.

Mzee Haroub anakaa Malindi, ghorofa ya pili katika nyumba moja ya zamani, ngazi zake ukizipanda unamshukuru Mungu. Aliwapokea mlangoni, mikono miwili, akamkumbatia Mzee Ubwa kama mtu alorudi Hija. Halua ikaja, kahawa ikaja. Hamid, yule mchumba wa Sumaiya, ndo alokuwa anamimina, na kila akimkaribia Mudrik macho anayapeleka kwenye kikombe.

"Shikamoo mzee," alisema Mudrik.

"Marahaba, dereva wetu," alisema Mzee Haroub. "Tayari? Nimeivalisha viti vipya. Kitambaa kizuri, nimechagua mwenyewe. Na jana nimemwita shekhe kaisomea, tumeifukiza udi. Sikutaka niwape wakwe zangu gari kavu."

"Allah akulipe," alisema Mzee Ubwa.

"Kuna mtu alinipa zaidi, mjue. Wallahi. Nikamwambia hii si ya kuuzwa tena, hii ishaingia ukoo."

Mudrik alimtazama baba yake. Mzee Ubwa alikuwa kakishika kikombe cha kahawa kwa vidole vitatu. Akakiweka chini. Akakohoa.

"Mzee mwenzangu, kuna jambo nlitaka kukwambia. Khasa ndo lilonileta."

"Sema, sema. Baina yetu hakuna pazia."

"Hii gari."

"Naam."

"Hii gari," alirudia Mzee Ubwa, na hapo akanyanyua macho, akamwona mwenzake kainama kumsikiliza, uso wote uko wazi, halua kwenye ncha ya ndevu. Akakichukua tena kikombe. "Nlitaka kujua tukuletee lini amana yako. Tusije tukakuweka."

"Ah, mkwe wangu, hilo tu?" Mzee Haroub alicheka akampiga goti. "Hilo ndo lilokufanya upande ngazi zote hizi? Leteni Ijumaa baada ya sala, inshaallah."

"Inshaallah," alisema Mzee Ubwa.

Mudrik alikuwa na kipande cha halua mdomoni. Ilibidi akisukume kwa kahawa.

*

Hamid aliwasindikiza mpaka chini. Mzee Ubwa akatangulia mbele, haraka, kama mtu anayefukuzwa. Mudrik akamkamata Hamid mkono pale kwenye kichochoro, chini ya waya za umeme.

"Hamid, nikuulize, na usinifiche. Ile gari unaijua?"

"Naijua."

"Unajua kama imeoza?"

Hamid alitazama ngazini, hakuna mtu. "Yakhe, naijua kuliko babangu. Tulipokuwa Nungwi ilikuwa inavuta boti. Unairudisha kinyumenyume ndani ya maji mpaka kwenye milango, unafunga boti, unaipandisha. Kila siku. Mie ndo nlokuwa dereva."

"Na ile lami nyeusi nloiona chini, ya kufunika kutu?"

"Nimepaka mie."

Mudrik alimwachia mkono. Alitaka kumpiga, na alitaka kukaa chini pale pale kwenye saruji. "Kwa nini? Mie ntakuwa shemeji yako. Gari itanikatikia barabarani na wageni ndani, weye utakuja msibani na dada yangu?"

"Usiseme hivyo."

"Niseme vipi? Mwambie baba yako asiiuze. Weye mwanawe, atakuskia. Mwambie aseme kabadilisha nia, basi, sisi tutanyamaza."

"Siwezi."

"Kwani unaogopa nini?"

"Mudrik, skiza." Hamid alikuwa anazungumza na ukuta. "Hatuna kitu sisi. Unaona halua, unaona viti vipya, vya mkopo vile. Boti zishauzwa, zimekula madeni. Posa yenyewe nishaisogeza mara mbili, unajua mwenyewe. Hela ya hiyo gari ndo mahari. Ndo kitanda, ndo kabati, ndo pilau. Isipopatikana Ijumaa hakuna harusi, na mara hii baba yako mwenyewe ataivunja."

Alipita kijana na baiskeli, wakajibana ukutani kumpisha.

"Kwa hiyo hela tunaitoa sisi," alisema Mudrik polepole, "inapita kwenu, inarudi kwetu, inaitwa mahari."

Hamid akasema tu, "Nampenda dada yako. Hilo sikupaka lami."

Pengine alidhani ni mzaha. Hakucheka mtu.

*

Bado Mudrik hakukata tamaa, mtu wa umri wake haikati kwa siku moja. Alijiambia labda Nadra hatoiangalia chini. Labda ataangalia viti. Akapitia pale gari ya Mzee Haroub iliposimama, akaipiga picha kwa upande wake mzuri, na jua limeipendelea, akaituma. Jibu lilikuja ni sauti, na Nadra nyuma yake yuko ufukweni, mawimbi yanasikika.

"Mudrik, hii si ile RAV4 ya kuvutia boti? Hii Nungwi nzima tunaijua, watoto wakiipandia wakiwa wanaogelea. Hii siwezi kumtia mgeni wangu ndani, nisamehe sana. Wewe kijana mzuri. Tafuta nyengine, lakini isipite Jumatatu."

Aliirudia ile sauti mara ya pili, sijui alitaka isikike vyengine.

Nyumbani alimkuta Sumaiya peke yake, yuko kwenye cherehani, anashona mapazia ya watu. Sumaiya ni mkubwa wake kwa miaka mingi, ndo alombeba mgongoni. Mudrik akamwambia yote. Nungwi, boti, lami, mahari, Nadra. Sumaiya akawa anashona tu, anasukuma kitambaa, mguu unakanyaga, mpaka mwisho wa pindo. Akakata uzi kwa meno.

"Bangili yangu imo kwenye hela hiyo," alisema.

"Imo."

"Basi nimejitolea mahari mwenyewe." Alitabasamu kidogo, upande mmoja. "Hata hawajanipa nafasi ya kujipandisha bei."

"Dada, baba hawezi kukataa. Lakini weye ukisema, atakataa. Ukisema hutaki gari inunuliwe, yeye hapo atapata njia ya kutokea. Hamid kama anakutaka atangoja."

"Mwambie baba akatae," alisema Sumaiya. "Kazi yako ni kubwa kuliko kitanda. Mie niko tayari."

Alikipandisha kitambaa chengine kwenye cherehani. Hakukanyaga. Akakitoa, akakigeuza, akakirudisha upande uleule.

"Uko tayari kweli?" aliuliza Mudrik.

Nje mtu alikuwa anamwita mwanawe, na mtoto hataki kuitika.

"Siko," alisema Sumaiya. "Posa ya kwanza ilivunjika, umri wangu unaujua. Nikiwapita wanawake bombani wananyamaza. Ivunjike na hii, nani tena atakuja? Lakini ukisema nikwambie niko tayari, ntakwambia. Nimekwambia."

Mudrik alikaa chini, mgongo kwenye mguu wa cherehani, kama alivyokuwa akikaa mdogo. Baadaye kidogo cherehani ikaanza kwenda.

*

Ijumaa baada ya sala waliketi wote sebuleni, na hela iko mezani ndani ya mfuko wa khaki, imefungwa mpira. Mzee Ubwa alikuwa keshavaa. Keshasimama mara mbili, na mara mbili kakaa.

Simu ya Mudrik ikalia. Ayoub.

"Ndugu yangu, mtu wa Pemba keshafika. Yuko hapa, kakaa ndani ya gari kabisa, hataki kushuka. Nimwambieje?"

Wote walikuwa wanamtazama. Mama yake aliacha kupepea. Sumaiya alikuwa mlangoni mwa jikoni, mikono ina unga.

"Muachie," alisema Mudrik.

"Hakika?"

"Muachie, Ayoub. Ahsante."

Akaiweka simu chini. Mzee Ubwa alikisogeza kile kimfuko inchi moja mbele, inchi moja nyuma. Alikuwa kama mtu aliyetumwa kuzika na hajui kaburi liko wapi.

"Nilimwambia tumepokea," alisema. "Mbele ya watu wote wale."

"Tunajua, baba."

"Mie nikipanda zile ngazi leo, atanitazama usoni ataona. Uso wangu mie haufichi kitu. Nitaharibu." Alitazama mikono yake. "Kuna mtu mwengine wa kwenda?"

Hakuna mwengine, kila mtu pale alijua. Bi Kidawa alisimama, akaingia chumbani, akatoka na kanzu nyeupe ilopigwa pasi, na kofia juu yake. Mudrik akavaa. Mama yake akamfunga kifungo cha shingoni, kama anamtayarishia Idi, akamfuta kitu begani ambacho hakikuwepo.

"Jumatatu utamwambiaje yule bibi?" alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna la kumwambia. Atampa mwengine."

"Na gari?"

"Itakaa hapo nje. Kuku watatagia."

Bi Kidawa alitaka kucheka, uso ukaanza, ukakataa. Alichukua ule mfuko mezani akamwekea mkononi, akamkunja vidole mwenyewe kimoja kimoja.

"Ukifika, usikae juu ya hela. Mpe kwa mkono wa kulia, na ujue kutabasamu. Na mshukuru. Mwambie katusaidia sana."

"Mama."

"Mwambie. Wao pia wana haya kama sisi. Usipomshukuru ataelewa kama tunajua."

Mudrik alimtazama baba yake, na baba yake alikuwa anatazama mkeka. Akamtazama Sumaiya. Sumaiya alikuwa keshageuka, kapeleka mgongo wake jikoni, na mabega yake hayakuwa yanatikisika, yalikuwa yametulia kabisa, yametulia kama mtu anayeskiza hatua.

"Nimwambie vipi?" aliuliza Mudrik.

"Sema, ahsante mkwe, Mungu akuzidishie."

"Ahsante mkwe, Mungu akuzidishie," alisema Mudrik, kujaribu. Ikatoka vizuri.

Akavaa makubadhi, akatoka nje, akaufunga mlango.